SOMO LA BUSTANI: Kulaza Maua ya Kudumu Wakati wa Kiangazi

Kila mwaka, mvua za vuli zikiisha mwezi wa Desemba, bustani nyingi za maua katika Homa Bay na Migori huanza kunyauka. Majani ya dalia huwa ya manjano, kisha ya kahawia. Kana hujikunja. Lile ua jekundu lenye kingo za manjano, litambaalo vichakani kwa kushika matawi kwa ncha za majani yake, hutoweka kabisa hata mahali pake pasijulikane. Mwenye bustani hutazama akasema, "Yamekufa." Basi hung'oa mashina, huchoma takataka, na mwezi wa Machi huenda sokoni au kwa jirani kutafuta miche mipya. Mwaka unaofuata hufanya vivyo hivyo. Lakini mengi ya maua hayo hayakuwa yamekufa. Yalikuwa yamelala, na kilichoyaua ni jembe la mwenyewe, au maji yake.

Katika somo hili twataka kueleza jinsi ya kuyavusha maua ya kudumu kutoka mvua hata mvua bila gharama, na bila kumchosha mtu achotaye maji. Kwa maua ya kudumu twakusudia yale yaishiyo miaka mingi kwa shina au kwa mzizi ule ule, si yale yafanayo na alizeti, ambayo hutoa mbegu mara moja yakafa.

Wapenda maua wengi hujifunza katika vitabu vilivyoandikwa Uingereza, na katika maelezo yaliyopigwa chapa juu ya pakiti za mbegu. Humo mtu husoma ya kwamba mmea fulani ni mgumu na mwingine si mgumu. Kwamba huu waweza kuachwa nje majira ya baridi, na ule wapasa kuchimbuliwa kabla ya sakitu. Maneno hayo ni ya kweli huko yalikoandikwa. Ugumu unaosemwa ni ule wa kustahimili baridi tu. Mwaka 1960 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitoa ramani iliyoigawa nchi yao kwa kadiri ya baridi kali kuliko zote ipatikanayo kila mahali, na tangu wakati huo wauza miche wengi wamezoea kuandika nambari ya eneo juu ya bidhaa zao. Nambari hiyo haimwambii mtu wa Ndhiwa neno lolote juu ya jua la Februari.

Mji wa Homa Bay uko karibu nusu digrii kusini ya Ikweta, na mji wa Migori digrii moja hivi. Mchana na usiku hutofautiana kwa dakika chache tu mwaka mzima, na sakitu haijulikani. Mfasiri aandikaye kwa watu wa hapa, "Funika mmea wako usije ukagandishwa," amefasiri maneno yote, na jambo lenyewe amelisahau. Kwa upande wa mmea, tafsiri iliyo sahihi ya majira yao ya baridi ni kiangazi chetu. Ardhi ya Ulaya ikiganda, mizizi haiwezi kunywa maji, ijapokuwa maji yamo. Ardhi yetu ikikauka, mizizi haiwezi kunywa kwa kuwa maji hayamo. Mmea hauna habari ya kalenda. Ukikosa maji kwa sababu yo yote ile, wajua jambo moja tu la kufanya: kuacha majani, kuweka chakula chini, na kungoja.

Hapa yapasa tutenge habari moja. Iko mimea ya maua ya kudumu ambayo huhitaji baridi yenyewe, na mfano wake hauko mbali. Pareto, ua jeupe lenye moyo wa manjano ambalo hutolewa dawa ya kuulia wadudu, hulimwa katika milima ya Kisii, kwenye mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Pareto haifanyi macho ya maua vizuri isipopata usiku wenye baridi kwa majuma kadhaa. Iteremshe hata Kendu Bay, karibu na ziwa ambalo lenyewe liko mita zipatazo 1,135 tu, nayo itaota na kutoa majani mazuri, lakini maua yatakuwa haba. Tulipu za Uholanzi ni vivyo hivyo, tena zaidi. Hakuna ustadi wa bustani utakaoondoa upungufu huo, na mtu akija kukuuzia vitunguu vya tulipu, hifadhi fedha yako.

Turudi kwa maua yanayotufaa. Kwa habari ya kiangazi yako ya namna mbili. Namna ya kwanza ni yale yanayojificha chini ya ardhi. Dalia huacha viazi vyake. Gladiolasi huacha kitunguu bapa. Ua jekundu litambaalo, ambalo wataalamu huliita gloriosa na Zimbabwe wamelifanya ua lao la taifa, huacha kiazi chenye umbo la kiwiko cha mkono. Liko pia lile ua la duara kama mpira, jekundu, litokalo ardhini mvua za kwanza zinyeshapo. Hilo lina kitunguu kinene. Gloriosa na ua hilo la duara ni wenyeji wa Afrika. Huota vyenyewe vichakani, na havikungoja mtu avifundishe kiangazi. Dalia ni mgeni kutoka milima ya Mexico. Mbegu zake zilifika bustani ya mimea ya Madrid mwaka 1789, na watu wa Ulaya hulazimika kuchimbua viazi vyake kila mwaka visigandishwe. Lakini kwao Mexico dalia hukua wakati wa mvua na kulala wakati wa ukavu. Basi desturi ya kwao ni karibu na desturi ya hapa kuliko ile ya London.

Namna ya pili ni yale yasiyolala kabisa: waridi, jerbera, agapantasi ya Afrika ya Kusini, na bogenvilia. Haya hukaa macho, na baadhi yake huomba maji. Nasema baadhi, maana bogenvilia ni kinyume. Ikipata kiu hupukutisha majani ikajaa rangi. Ikinyweshwa kila siku hufanya majani tele na rangi kidogo. Nimewaona watu wakiinywesha Januari yote, kisha wakalalamika kwamba ni kichaka kitupu.

Sasa twaja kwenye kosa kubwa kuliko yote, nalo hufanywa mwezi wa Desemba. Sikukuu ya Krismasi hukaribia, watoto na ndugu hurudi kutoka Nairobi na Mombasa, na kila boma hufagiliwa. Panga hupita katika bustani ya maua pia. Mashina ya gladiolasi na dalia, ambayo maua yake yamekwisha lakini majani yangali mabichi, hukatwa usawa wa ardhi ili pawe safi mbele ya wageni. Usafi wa namna hii huua. Majani mabichi ndiyo jiko la mmea. Chakula kinachopikwa humo baada ya maua kuisha ndicho kinachoshuka chini kujaza kiazi au kitunguu cha mwaka ujao. Gladiolasi huhitaji kadiri ya majuma sita baada ya kuchanua ili kitunguu kipya, kiotacho juu ya kile cha zamani kilichosinyaa, kipate kukomaa. Ukikata kabla ya hapo, kitunguu hubaki kidogo kama njugu, na mwaka unaofuata hutapata ua. Kata ua lililonyauka, hilo halina dhara. Majani yaache yageuke manjano yenyewe, na wageni wakiuliza, waambie mmea unakula.

Majani yakiisha kukauka, kata mashina kwa urefu wa shibiri moja. Usikate chini kabisa, maana kisiki hicho ndicho alama itakayomzuia mtu mwingine asichimbe hapo bila kujua. Wengine huweka duara la mawe, nayo ni alama nzuri zaidi kwa kuwa mchwa hawali mawe.

Kisha usinyweshe. Hili ni neno gumu kwa mtu mwenye huruma, lakini mmea uliolala hauna majani ya kutumia maji hayo. Maji hukaa juu ya kiazi, ukungu huingia, na kiazi huoza polepole. Hata watunza bustani wa Uingereza husema ya kwamba udongo uliolowa huua mimea mingi iliyolala ambayo baridi peke yake isingeiua. Basi ndoo iliyotoka mto Kuja au mto Migori, kichwani pa mtu, isimwagwe juu ya kitu kisichoihitaji.

Mimea iliyo macho ndiyo ya kupewa maji hayo, tena kwa hesabu. Lita moja ya maji katika eneo la mita moja ya mraba ni sawa na milimita moja ya mvua. Mtu anyunyizaye lita mbili kila jioni katika eneo hilo amenyesha mvua ya milimita mbili, na jua la Februari pamoja na upepo wa ziwani hukausha zaidi ya hiyo kwa siku moja. Maji hayakufika mizizini, na mizizi huinuka juu kuyafuata, kisha huungua. Lakini mtungi mmoja wa lita 20 ukimwagwa polepole mara moja kwa juma mahali pale pale ni mvua ya milimita 20, nayo hupenya. Jumla ya maji kwa juma imezidi kiasi ile ya yule wa lita mbili kwa siku, lakini kwa safari chache za bustanini. Mwaga asubuhi mapema au jua likitua, chini ya shina, si juu ya majani. Jerbera usiifukie moyo wake wala kuujaza maji, maana huoza hapo. Agapantasi ina mizizi minene yenye akiba na huweza kuvumilia majuma mawili. Waridi usilipogoe sana Januari. Machipukizi mapya yatatoka wakati mbaya kuliko yote. Ngoja mpaka mvua ziwe karibu.

Kana tumeiacha pembeni kwa sababu iko katikati ya namna hizi mbili. Mzizi wake ni mnene kama tangawizi, nao waweza kulala. Lakini ikipata maji hailali, bali huchanua mwaka mzima. Mahali pake pa haki ni nyuma ya bafu, mahali maji ya kuogea yatokapo. Hapo haimgharimu mtu hata tone, na huyanywa maji ambayo yangetuama. Maji yenye sabuni nyingi ya unga ya kufulia yasiwe chakula chake cha kila siku, lakini ya kuogea haiyaogopi.

Hali ya nchi si moja katika kaunti hizi mbili, ambazo zamani zote zilikuwa ndani ya Wilaya ya Nyanza ya Kusini. Wenyeji wa Rongo, Awendo na Kuria hupata mvua zaidi na kiangazi chao ni kifupi. Kando ya ziwa, katika Karachuonyo, Mbita na Nyatike, ile oro ya Wajaluo, yaani majira ya jua, hukaa zaidi na ni kali. Tena udongo wa tambarare nyingi za huko ni mweusi, ule unatao miguuni wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Nyufa zake hukata mizizi na kuonyesha viazi kwa jua na panya. Mvua zikirudi, udongo huo huo hushika maji siku nyingi. Mwenye udongo mweusi asilaze dalia wala gladiolasi ndani yake. Ama ainue tuta la nusu mita kwa kuchanganya mchanga na samadi iliyooza, ama achimbue.

Kuchimbua hufanywa hivi. Chimba kwa uma wa bustani au kijiti, mbali kidogo na shina, uinue fungu zima. Usilivute kwa shina. Kausha kivulini siku tatu au nne, si juani. Kung'uta udongo bila kuosha. Ondoa kila kiazi kilichokatwa au kilicholainika, maana kimoja kibovu huozesha vingine. Kisha tandika mchanga mkavu ndani ya beseni kuukuu au sanduku, panga viazi visigusane, funika kwa mchanga, uweke mahali penye kivuli na hewa ndani ya nyumba. Mara moja kila majuma mawili tazama kama kuna kilichooza. Wakulima wa viazi vitamu wataitambua njia hii. Kituo cha Kimataifa cha Viazi na watafiti wa Uganda na Tanzania wameifundisha kwa ajili ya viazi vitamu, ili mkulima asikose mbegu za kupanda baada ya ukavu: viazi vizima huwekwa katika mchanga mkavu, na majuma sita hadi manane kabla ya mvua hupandwa kitaluni na kunyweshwa vitoe marando.

Lakini hapa pana tofauti ambayo imewapoteza wengi. Kiazi kitamu huweza kutoa chipukizi mahali popote mwilini mwake. Kiazi cha dalia hakiwezi. Macho ya dalia yako shingoni tu, pale viazi viungamanapo na shina la zamani. Kiazi kinono kilichovunjika shingo kitakaa mchangani mpaka kisinyae bila kuota kamwe, na mwenyewe atalaumu mchanga. Ukigawanya fungu, hakikisha kila kipande kina kiazi na shingo yenye jicho. Gloriosa ni dhaifu zaidi: jicho lake liko katika ncha ya kiazi, na ncha hiyo ikivunjika, basi. Huyo afadhali aachwe ardhini kama udongo hautuamishi maji.

Tena gloriosa ni sumu, na jambo hili halifai kusomwa upesi upesi. Mmea wote una sumu, na kiazi zaidi. Huko Sri Lanka watu wamepoteza maisha kwa kukila wakidhani ni kiazi kitamu. Kutapika na kuhara huanza baada ya saa kadhaa, na madhara makubwa ya ndani ya mwili hufuata siku zinazokuja, hata mgonjwa akionekana kuwa na nafuu. Kitunguu cha lile ua la duara ni sumu pia. Kwa hiyo beseni la maua lisiwekwe jikoni, wala chini ya kitanda walipo watoto, wala karibu na viazi vya chakula, na liandikwe alama ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. Mtu akila, apelekwe hospitali mara moja pamoja na kipande cha kile alichokila. Asingojewe kuugua.

Kwa yale yaliyobaki ardhini, adui wawili ni mbuzi na mchwa. Mavuno yakiisha mifugo huachwa huru, na mbuzi mwenye njaa hufukua. Matawi ya miiba juu ya kitalu yatosha kwa miezi miwili. Walio na uzio wa mnyaa, ambao Wajaluo huuita ojuok, hawana shida hii kama uzio hauna mianya. Kufunika udongo kwa nyasi kavu, maganda ya karanga au mabaki ya miwa hupunguza joto na nyufa, lakini huwaita mchwa. Weka matandazo hayo mbali na shina kwa upana wa kiganja, na mahali pa mchwa wengi tumia kokoto badala yake.

Kiangazi hakiendi kwa desturi kila mwaka. Mvua za mwisho wa mwaka 2019 ziliendelea kupita kiasi, na mwezi wa Mei 2020 ziwa lilipanda kuliko ilivyowahi kupimwa, likafunika nyumba na mashamba ya kando. Mvua kubwa za El Niño zilirudi mwishoni mwa 2023. Mwaka wa namna hiyo, maua yasiyopata ukavu wa kulala huoza kwa urahisi, na ni afadhali kuchimbua hata kwenye udongo mwekundu mzuri.

Imebaki saa ya kuamsha. Mvua moja ya Februari isikudanganye. Huja kwa ngurumo, hulowesha vumbi, kisha jua hurudi majuma matatu, na chipukizi lililotoka huungua. Ngoja mvua za masika, ambazo Wajaluo huziita chwiri, zishike kwa kweli, mara nyingi katikati ya Machi, kando ya ziwa pengine baadaye. Fukua kwa kidole kando ya kisiki. Ukiona jicho limevimba na kuwa jekundu au kijani, ondoa miiba, sogeza matandazo, na weka samadi iliyooza pembezoni. Siku hizo ndizo za kugawanya kana na agapantasi zilizosongamana, na kumpa jirani fungu. Dalia za mchangani zipande shingo ikitazama juu, udongo juu yake ukiwa kina cha vidole vinne, na kijiti cha kuegemea kikichomekwa siku ile ile ya kupanda, maana kikichomekwa baadaye hutoboa viazi. Gladiolasi zipande kina cha nusu shibiri, chache leo na nyingine baada ya majuma mawili, zisichanue zote siku moja.